Nguva ni mnyama, si jini! Mnawanyima watoto alama kwa ujinga wa klipu

Wakuu, leo nimekereka kupita maelezo. Binti yangu yuko darasa la tano hapa Mwanza. Kwenye jaribio la sayansi waliulizwa wataje mamalia wawili wa majini, akaandika nyangumi na nguva. Nyangumi kapata vema. Nguva kapigwa kosa kwa kalamu nyekundu, na pembeni mwalimu kaandika "hadithi".

Yaani kwake nguva ni yule kiumbe nusu mwanamke nusu samaki wa kwenye klipu. Hadithi kivipi? Mimi ni mzaliwa wa Kilwa, na kule mvuvi ukimtajia nguva hakuulizi mara mbili. Huyu mnyama ananyonyesha, matiti yake yapo kwapani chini ya mapezi. Anapumua hewa kama sisi, kwa hiyo kila baada ya dakika chache lazima aibuke. Mdomo wake mnene umeelekea chini, una sharubu ngumu, kwa sababu kazi yake ni kuchunga majani ya baharini kwenye maji ya kina kifupi. Akikomaa anafika mita 3 na kilo 400. Tembo ni katika ndugu zake wa karibu wa nchi kavu. Nywele ndefu na kifua cha mwanamke mmevitoa wapi?

Nawajua mnaochochea. Magrupu ya WhatsApp hapa mjini hayaishi klipu za "nguva kaopolewa Mwaloni Kirumba". Jamani, Ziwa Victoria ni maji baridi, nguva ni wa maji chumvi! Mamalia wa majini wa kwetu huku ni kiboko na fisi maji. Mkitaka kutishana, chunusi, yule jini wa kuzamisha watu majini, yupo tangu enzi za mababu, mtumieni huyo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nguva wa kweli wanakwisha. Mwaka 2022 wale wa pwani ya Afrika Mashariki waliwekwa kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Kwetu waliobaki ni wachache mno, upande wa Rufiji, Mafia na Kilwa. Jike hubeba mimba miezi 13 hivi, anazaa mtoto mmoja, kisha hupita miaka mitatu hadi saba bila kuzaa tena. Akinasa kwenye wavu wa jarife anashindwa kuibuka, anakufa maji. Nani atawalilia iwapo darasa zima limefundishwa kwamba hawapo?

Mwalimu, kama unapita humu, fungua kamusi, kisha rudisha alama ya mtoto na uwasahihishie wenzake wote mbele ya darasa. Jumatatu nitakuja na daftari lake.