Mbuzi wamebandua gome la mparachichi: bado unaokoka?

mche_wa_tukuyu
Habari wadau. Nina mparachichi wa Hass wa miaka 4, nyuma ya nyumba hapa Rungwe. Mzunguko wa shina ni sm 28. Jana jioni mbuzi wamebandua gome kuanzia sm 40 kutoka ardhini hadi sm 65. Kimebaki kijiukanda kimoja tu upande wa mashariki, upana sm 4, ndicho kinachounganisha juu na chini. Sehemu ulipobebeshwa (Hass ilipounganishwa na shina la chini) inaonekana kwenye sm 25. Majani bado mabichi kabisa na kuna vitunda kama 60. Mvua zimeshachanganya. Jirani anasema nipake kinyesi cha ng'ombe kwenye jeraha nifunge na gunia. Nifanyeje?

bwana_miche
Pole sana mkuu. Ubichi wa majani usikupe moyo. Maji hupanda kupitia mti wa ndani, na huo mbuzi hawakuugusa. Kilichokatika ni njia ya chakula: sukari ya majani hushuka mizizini kupitia gome la ndani. Mizizi itakula akiba yake wiki kadhaa, hata miezi, kisha itakufa njaa, na hapo ndipo majani yataanza kunyauka. Ukisubiri dalili utakuwa umechelewa. Tena mti wa namna hii mara nyingi hutoa maua mengi kuliko kawaida kwa sababu sukari imezuiliwa juu, na mwenye shamba anadhani umepona.

Leo hii usiparue jeraha wala kulipapasa. Likitazamwa karibu, kama uso wake bado una utelezi na rangi ya maziwa inayoelekea njano, kuna utando hai ambao unaweza kuotesha gome jipya mradi usikauke. Zungushia nailoni safi, kaza juu na chini kwenye gome zima (lisiloumia), kisha funika na gunia jepesi ili jua lisiupike. Fungua baada ya wiki 2. Mabaka ya kijani ni gome jipya. Palipo na rangi ya kahawia na pakavu pamekufa.

Vitunda vyote 60, toa. Najua inauma, lakini kila tunda linakula sukari ambayo ule ukanda wa sm 4 unapaswa kuishusha.

kisu_kikali
Naongezea. Jeraha lisilozidi theluthi ya mzunguko hujifunga lenyewe. Hapo imebaki sehemu moja ya saba, kwa hiyo usitegemee nailoni peke yake. Mabaka ya kijani yasipotokea, jenga daraja la vikonyo, yaani vijiti hai vya kuunganisha gome la juu na la chini ya jeraha ili sukari ipite, na gome likiwa linabanduka kirahisi kama sasa kwenye mvua ndio wakati wake.

Chukua vikonyo kwenye mti huohuo, usiazime kwa jirani, maana kuna magonjwa ya virusi na jamii yake yanayohamia kwa kubebesha bila mti kuonyesha dalili. Unene wa penseli, vilivyokomaa nusu, urefu sm 35: jeraha ni 25, kila ncha inaingia 4, na 2 zinazobaki ni za kukipinda kidogo kama upinde. Kikikazwa kama uzi wa gitaa, upepo ukitikisa shina kinachomoka.

Kwanza punguza kingo zilizochanika kwa kisu kikali mpaka ufike gome lililoshika. Chonga kila ncha ya kikonyo kama kabari ya sm 4. Kata mpasuo kwenye gome zima juu na chini ya jeraha, ingiza kabari chini ya gome, pigilia msumari mwembamba wa sm 2 kila ncha, kisha ziba na nta ya kubebeshea. Panga vikonyo vitatu, umbali wa sm 6 hivi. Kosa linaloua kazi yote ni kukigeuza: upande uliokuwa juu mtini ubaki juu. Weka alama ya wino kabla ya kukata. Na machipukizi yatakayotoka kwenye kikonyo yang'oe kwa kidole; hiki ni bomba, si tawi.

mama_bustani
Mdogo wangu, angalia pia chini ya jeraha. Umesema kiungio kiko sm 25 na jeraha linaanza 40, kwa hiyo chipukizi lolote litakalotoka kati ya hapo ni Hass halisi. Acha moja lenye nguvu, lifungie kwenye mti wa kushikilia. Daraja likishindwa, unakata shina la juu na hilo linarithi. Yanayotoka chini ya sm 25 ni ya shina mzizi, yaani mti wa chini uliobebeshwa Hass. Yatoe, yatakupa parachichi za mbegu.

Kuhusu kinyesi nampinga jirani: kwenye kidonda kibichi unapanda vimelea. Palipokufa na kukauka, paka uji wa mrututu (chumvi ya shaba ya bluu) gramu 100, chokaa gramu 100, maji lita 1. Changanya kwenye ndoo ya plastiki, shaba inakula chuma. Usiuguse utando hai wala daraja.

mche_wa_tukuyu
Asanteni sana. Kuna miti mingine 3 karibu na banda. Kinyesi kwenye gome zima kinafukuza mbuzi?

bwana_miche
Kwenye gome zima, ndiyo. Koroga na maji kiwe kama rangi ya ukuta, paka mpaka mita 1.5 kwa sababu mbuzi husimama kwa miguu ya nyuma. Mvua kubwa ikipiga, rudia. Ila hicho ni cha kusubiria uzio. Nguzo 3, wavu mgumu, umbali wa sm 60 kutoka shinani kila upande. Wavu wa kuku wanaulaza, na waya uliogusa shina utalikata likinenepa.

Kamba nayo ipime vizuri: mbuzi wa kamba ya mita 3 anafika mita 4 na zaidi, akijinyoosha. Na wape majani makavu ya kutosha na jiwe la chumvi; mbuzi aliyekosa nyuzinyuzi na madini huhamia magomeni.

mama_bustani
Hakikisha tu ni mbuzi peke yao. Mbuzi huchana vipande virefu kwenda juu. Ukikuta gome limetafunwa usiku, chini kabisa karibu na ardhi, kwa alama pana za meno, huyo ni nungunungu. Vialama vyembamba chini ya matandazo ni panya: sogeza matandazo sm 30 kutoka shinani.