Naomba ushauri: ruzuku ya chaja ya gari la umeme nyumbani, mimi ni mpangaji

Habari zenu wakuu. Nina gari la umeme, mwezi wa tatu sasa, na nimekuwa nikichaji kwa soketi ya kawaida ya ukutani. Betri ni ya kilowati-saa 50, soketi inatoa kama kilowati 2.3, kwa hiyo kuijaza kutoka sifuri ni zaidi ya saa 20. Kinachoninyima usingizi ni plagi. Juzi alfajiri niliichomoa ikiwa ya moto kabisa, na soketi imeanza kugeuka kahawia pembeni mwa tundu moja. Nimeacha kuitumia.

Chaja ya ukutani ya kilowati 7 ingemaliza kazi kwa usiku mmoja, ila gharama ndiyo inanikwamisha, ndiyo maana natafuta ruzuku ya serikali. Nimesoma kwamba Uingereza, tangu Aprili 2022, ruzuku hii ilielekezwa zaidi kwa wapangaji na wenye fleti. Hilo limenipa moyo.

Mliopitia njia hii, nisaidieni. Ridhaa ya mwenye nyumba mliipata kwa maandishi kabla ya kuomba? Fundi mmoja anataka aanze kazi kesho, fomu zije baadaye. Mimi naogopa, maana ruzuku za namna hii mara nyingi hudai kibali kwanza na fundi aliyeidhinishwa. Na nikihama, chaja inabaki ya nani? Halafu ubao wa fyuzi hapa ni wa zamani mno: ukihitaji kubadilishwa, mlijilipia wenyewe?