Mgombea anayerudia hotuba ile ile: kosa ni lake au la wanaomfuata na kamera?

Kalamu Kavu
Wakuu, naweka hoja mezani. Kila msimu wa kura za mchujo za urais Marekani malalamiko ni mawili. Upande mmoja wanasema mgombea anazunguka Iowa na New Hampshire, majimbo yaliyozoeleka kuanza kura hizo, na maneno yale yale, mpaka waandishi wa msafara wanammalizia sentensi. Upande wa pili wanasema vyombo vya habari vinamchambua mtu kama mchele, vinaacha sera vinashika aliposhikwa na kigugumizi.

Mfano wangu ni Marco Rubio, seneta wa Florida aliyewania tiketi ya urais ya Republican. Tarehe 6 Februari 2016, kwenye mdahalo wa Chuo cha Saint Anselm, New Hampshire, mpinzani wake Chris Christie alimwambia usoni kwamba anajibu kwa kihotuba cha sekunde 25 alichokikariri. Rubio akajibu kwa sentensi ambayo alikuwa ametoka kuisema, kwamba tuache hadithi za Obama hajui anachokifanya, anajua vizuri sana. Kisha akairudia tena. Siku tatu baadaye, kura za New Hampshire zilipopigwa, alishika nafasi ya tano, ilhali Iowa, tarehe 1 mwezi huo huo, alikuwa wa tatu na asilimia 23. Kilichomwangusha ni kurudia, au ni kamera?

Mama Kura
Kalamu, umechanganya vitu viwili. Ngoja nianze na hotuba yenyewe.

Wamarekani wanaiita kwa jina la kisiki. Zamani mwanasiasa alifika kwenye makazi yaliyofyekwa msitu juzi, akapanda juu ya kisiki ili aonekane. Visiki havitumiki tena, lakini hali haijabadilika: watu wa hapa hawakuwepo kule alikoongea asubuhi. Iowa ina kaunti 99. Ron DeSantis, mmoja wa wagombea wa Republican, alizipita zote kabla ya Januari 2024. Mgombea wa aina hiyo anaongea mara nne au tano kwa siku, asubuhi mkahawani, mchana kituo cha zimamoto, jioni ukumbi wa shule, na kila mahali anakuta sura mpya. Anayeisikia hotuba kwa mara ya mia ni dereva, mpambe na mwandishi. Abadilishe kila kitu kwa ajili ya watu kumi na tano waliokaa nyuma na kompyuta mapajani?

Halafu watu wanadhani hotuba hii ni insha. Ni vipande vilivyounganishwa, jumla dakika 20 hadi 30. Kwanza salamu na jina la mji na la mwenyeji. Hapo ndipo panapobadilika kila kituo, na ndipo panapokosewa sana, kwa sababu mji wa nne wa siku huchanganywa na wa tatu. Halafu maisha yake, baba alifanya kazi gani. Halafu kisa cha mtu mmoja aliyekutana naye njiani. Halafu adui, halafu ahadi. Mwisho ni ombi, na Iowa ombi lina karatasi: kadi ya kujaza jina, simu na mtaa, maana mkutano wa mchujo kule huanza saa moja usiku, Januari au mwanzo wa Februari, kwenye baridi inayokata masikio, na asiyefika kwa wakati amekosa. Anayetoka ukumbini hajajaza kadi, hotuba nzima imemwagwa mchangani. Kila kipande kina toleo la dakika tatu na la nusu dakika, ili msafara ukichelewa kikatwe bila kubomoa kilichobaki.

Kurudia huku ndiko kunakonoa maneno. Obama alikuwa na kisa cha Edith Childs, diwani wa Greenwood, South Carolina, mama aliyeamsha kikao kilichopoa kwa kuita "Moto umewaka!" na watu wakaitikia "Tuko tayari!" Alikisimulia tangu 2007 mpaka mkesha wa uchaguzi Novemba 2008, huko Manassas, Virginia. Watu walikuwa wanakingoja kama wanavyongoja kiitikio cha taarabu.

Mwana wa Mrima
Hapo kwenye taarabu nimekuelewa, lakini kiitikio hakiimbwi ukiulizwa swali. Hilo ndilo la Rubio.

Ukumbini kipande kinaitwa na kipande kilichotangulia. Kwenye mdahalo kinaitwa na neno. Waandaaji humfundisha mgombea: ukisikia neno hili, toa kipande kile, sekunde 30, kisha nyamaza. Ni mbinu nzuri mpaka mpinzani aigundue. Christie alichofanya ni kukitaja kipande kabla hakijatoka tena, na kilipotoka akawaonyesha watazamaji. Sasa Rubio alikuwa na njia mbili tu: ajibu shambulio lenyewe, yaani seneta wa muhula mmoja ameendesha nini, au anyamaze. Mdomo ukafuata ulichozoea. Angalia mkanda: hasemi kitu cha ajabu, na sentensi yenyewe haina kosa la kisarufi wala la hoja. Ubaya ni kwamba ilitoka kwa mpangilio ule ule, na mapumziko mahali pale pale, huku aliyemshitaki kwa hilo amesimama jukwaa lile lile.

Na msimpe Christie kombe. Alimaliza wa sita na kujitoa siku iliyofuata.

Kibatari cha Kata
Nyote mnamjadili mgombea. Mimi nina ugomvi na waandishi, na ugomvi wangu si kwamba wanachunguza mno. Wanachunguza pasipostahili.

Mwandishi aliyepangiwa mgombea mmoja anasikia hotuba ile ile kwa miezi. Mhariri anataka habari mpya kila jioni. Mgombea hana neno jipya, basi habari inakuwa viti vitupu, nguo, kura za maoni, nani kagombana na nani katika timu. Hotuba iliyobeba madai yote ya mgombea inaitwa "kama kawaida yake" na inaachwa. Lakini dai lililorudiwa mara mia mbili ndilo linalostahili kukaguliwa kuliko lile aliloteleza mara moja, kwa sababu hilo la kwanza amelichagua.

Kazi yenyewe si ngumu. Siku ya kwanza unanakili hotuba yote kutoka kwenye kinasa, unapiga namba kila aya. Kila kituo kinachofuata unaweka alama tu: aya ya 7 haipo, aya ya 12 imeongezewa tarakimu, jina la yule mama wa kisa limebadilika. Kisha unajiuliza kwa nini. Aya inayoondoka kimya kimya baada ya kuvuka mpaka wa jimbo ni habari kubwa kuliko inayoongezwa, na ndiyo isiyoonekana kwa asiyeweka kumbukumbu.

Tazama Joe Biden, 1987, akiwania tiketi ya urais ya Democratic. Alikuwa anatumia maneno ya Neil Kinnock, kiongozi wa Labour wa Uingereza, kwamba yeye ndiye wa kwanza katika ukoo wake kwenda chuo kikuu, na aliwahi kumtaja Kinnock kwa jina alipoyatumia. Tarehe 23 Agosti, mdahalo wa Maonyesho ya Iowa, jina halikutajwa, na maneno yakawa kana kwamba yamemjia akiwa njiani. Mikanda miwili ikawekwa sambamba. Gazeti la New York Times liliandika tarehe 12 Septemba, na tarehe 23 Biden akajitoa.

Mwana wa Mrima
Malizia kisa, Kibatari. Mkanda ule waandishi hawakuutafuta kwa jasho lao. Ulitoka kambi ya Michael Dukakis, mpinzani wa Biden, na meneja wa Dukakis, John Sasso, akalazimika kujiuzulu ilipojulikana. Uchunguzi mwingi unaosifiwa hivi ni bahasha ya mpinzani.

Kibatari cha Kata
Kweli, na sikatai bahasha, nakataa kuingoja. Kisa cha Hillary Clinton hakikuhitaji bahasha. Alisimulia mara kadhaa katika kampeni ya 2008 kwamba alipotua Tuzla, Bosnia, 1996, walikimbilia magari vichwa chini kwa kuhofia wadunguaji. Televisheni ya CBS walikuwa na picha zao wenyewe za siku ile: anatembea uwanjani na bintiye, anasalimiwa, mtoto wa miaka 8 anamsomea shairi. Kilichohitajika ni mtu kwenda maktaba ya mikanda. Kisa kinachorudiwa hunenepa, risasi huongezeka kidogo kidogo, na msimuliaji mwenyewe huanza kukiamini.

Reagan 1976 ni hivyo hivyo. Huko New Hampshire alikuwa akisimulia kisa cha mwanamke wa Chicago mwenye majina 80 na anwani 30, anayevuna dola 150,000 kwa mwaka za misaada ya serikali. Gazeti la Washington Star lilipofuatilia mwezi Februari, mashtaka mahakamani yalikuwa ya majina manne na takriban dola 8,000. Mwizi alikuwepo kweli. Tarakimu ndizo zilizokuwa za jukwaani.

Shoka Jipya
Mnasema uchunguzi kana kwamba kamera ni shahidi mwaminifu. Howard Dean, mgombea wa Democratic, je?

Iowa, 19 Januari 2004. Wapinzani wake Kerry asilimia 38, Edwards 32, Dean mwenyewe 18. Anapanda jukwaani kuwatia moyo vijana wake, anataja majimbo moja baada ya jingine, anamaliza kwa ukelele. Nyumbani watu waliona mtu kapandwa na kichaa. Sababu ni ya kifundi. Maikrofoni aliyoshika mkononi ni ya aina inayosikia upande mmoja tu, yaani mdomo, na kukata kelele za pembeni. Wapiga picha hawachukui sauti ya ukumbi. Wanachomeka nyaya kwenye sanduku la kugawia sauti lililounganishwa na maikrofoni ile. Kwa hiyo kilichorushwa ni koo la Dean peke yake, bila umati uliokuwa unapiga kelele kumshinda. Video zilizopigwa na watu waliokuwa katikati ya ukumbi zinaonyesha sauti yake haisikiki vizuri. Kipande kile kilirushwa na televisheni za kitaifa mara 633 kwa siku nne. Sasa nani anayerudia hapo?

Mama Kura
Asante! Mgombea akirudia, roboti. Televisheni ikirudia, habari.

Kalamu Kavu
Ila Dean alikuwa keshashindwa kabla hajafungua mdomo, wa tatu baada ya kuongoza kura za maoni. Tusiufanye ukelele kuwa muuaji wa maiti.

Shoka Jipya
Nakubali. Lakini ona zawadi inakwenda kwa nani. 2016 Trump hakuwa na hotuba ya vipande. Aliruka kutoka hoja hadi hoja, na vituo vikaacha kamera wazi saa nzima kwa sababu hakuna aliyejua sentensi ijayo. Makadirio yaliyochapishwa na New York Times Machi mwaka ule yaliweka thamani ya matangazo ya bure aliyoyapata kwenye dola bilioni 1.9. Mkuu wa CNN wakati huo, Jeff Zucker, alikiri baadaye kwamba huenda walirusha mikutano yake mizima mingi mno. Waliopanga hoja zao vizuri walionyeshwa sekunde nane. Na utamkagua vipi mtu anayesema mambo hamsini kwa saa, mengi hatayasema kesho?

Mwana wa Mrima
Hayo hamsini yalikuwa na uti wa mgongo: ukuta, China, biashara. Alirudia kuliko wote, ila hakurudia kwa mpangilio mmoja. Mwandishi mwenye daftari la Kibatari angeliona hilo ndani ya wiki.

Kwangu mkaguzi bora si mwandishi hata kidogo, ni mwananchi aliyepewa kipaza sauti. Desemba 27, 2023, mji wa Berlin, New Hampshire, mpiga kura alimuuliza Nikki Haley, mgombea wa Republican, chanzo cha Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Hakuna kipande cha hilo. Akajibu kwa mambo ya serikali na uhuru wa watu, utumwa hakuutaja, na kesho yake akawa redioni kusema bila shaka ulikuwa utumwa. Swali fupi, halina neno la kuita kipande chochote. Waandishi huuliza maswali marefu yenye maneno matano ya kuita vipande, mgombea anachagua analolipenda.

Kalamu Kavu
Basi mnaniambia aliyekariri sana anaumbuka kama Rubio, na asiyekariri anaumbuka kama Haley. Abaki na nini?

Mama Kura
Akariri vizuri. Rick Perry, gavana wa Texas aliyewania tiketi ya Republican, 9 Novemba 2011, mdahalo wa Michigan, alitaka kutaja wizara tatu atakazozifuta. Biashara, Elimu, na... Akapekua makaratasi, akahesabu kwa vidole, mpinzani wake Romney akamsaidia kwa kumtajia idara ya mazingira, wapi. Akaishia kusema "samahani, lo!" Orodha ya vitu vitatu huandikwa kwa faida ya msikilizaji, lakini msemaji huipoteza ya tatu taa zikimmulika, ndiyo maana mwandaaji makini humtaka aanze na ile ngumu kukumbuka. Kwake ilikuwa Nishati.

Shoka Jipya
Na ndiyo wizara aliyokuja kupewa 2017.