Mfadhili anataka kutulipia nusu ya bei ya boda za umeme. Tukubali hivyo hivyo?

MwekaHazina_Kawangware

Hamjambo wote. Ninatunza pesa za chama cha boda hapa Kawangware, steji yetu haiko mbali na kituo cha matatu cha 46. Mwenyewe siendeshi. Nina pikipiki moja ya mafuta ambayo mpwa wangu ndiye anaifanyia kazi, na daftari la chama liko kwangu, kwa hivyo lawama zote za pesa huishia mlangoni pangu.

Kuna mradi wa wafadhili kutoka Ulaya umetutembelea. Watalipa nusu ya bei ya pikipiki kumi za umeme, nusu iliyobaki wanachama walipe kidogo kidogo kila siku kwa M-Pesa. Vijana wanashangilia. Mimi nimekaa na yale makaratasi nikaona kitu: pikipiki itakuwa yetu, betri itabaki ya kampuni. Betri ikiisha tutaibadilisha na iliyojaa kwa vibanda vyao tu, kwa bei watakayopanga wao, na bei yenyewe haijaandikwa popote.

Wazo langu ni tuwaombe wapunguze pikipiki ziwe tano, zile zinazouzwa na betri zake, na pesa itakayobaki ituvutie stima: mita yetu, soketi zetu. Mwenyekiti anasema nitakimbiza wageni kabla hatujaonja kitu. Wenye uzoefu, niambieni.

Rider_Pipeline

Mathe, mimi niko na ya umeme huku Embakasi, ya kubadilisha betri. Kwa upande wa pesa sirudi kwa mafuta. Ile Septemba 2023 petroli ilipogonga shilingi 211.64 kwa lita hapa Nairobi, kuna siku nilikuwa naona nimeajiriwa na petroli stesheni. Sasa hakuna oili ya kumwaga, hakuna plagi, hakuna kabureta ya kusafisha.

Lakini hiyo maneno ya vibanda usiichukulie juu juu. Saa tatu asubuhi, watu wa kazi wakishafika mjini, riders wote wanakumbuka betri pamoja. Unaichomoa chini ya kiti, nzito kama mtungi wa maji wa lita ishirini, unapanga foleni umeiweka kwa miguu, unaangalia taa za kabati la kuchajia zikibadilika kutoka nyekundu. Kijani ikitokea, ni ya aliye mbele yako. Kibanda kilichokuwa karibu na steji yetu kilifungwa. Hakuna aliyetuambia, tulifika tukakuta kufuli. Siku hizi nikienda kubadilisha naenda bila mteja nyuma, na hizo kilomita hakuna anayenilipa. Ukichelewa malipo nayo, kampuni wanazima pikipiki wakiwa ofisini. Unaamka, unawasha, kimya.

FundiWaGrogan

Mweka hazina yuko sawa. Kwa pikipiki ya umeme, betri ndiyo mali. Fremu na mota hazisumbui sana. Na betri za kampuni moja haziingii pikipiki ya nyingine: plagi ni tofauti, volti zinaweza kuwa tofauti, na zile bodi za ndani lazima zitambuane ndipo ikubali kuwaka. Kampuni ikifunga, unabaki na chuma kizuri cha kuketi.

Mkinunua yenye betri, ulizeni ni ya aina gani. Zile za LFP (lithiamu ya chuma na fosfeti) ni nzito kidogo lakini zinavumilia kuchajiwa mara nyingi kuliko za nikeli, na hazishiki moto kirahisi. Dhamana iandikwe, na iseme betri ikishuka hadi asilimia ngapi ndipo wanawabadilishia. "Miaka miwili" peke yake haisemi kitu.

Hesabu ya haraka: betri ya boda inabeba kama uniti 3. Kwa stima ya nyumbani, ukiweka na kodi, kuijaza ni kama mia moja. Hiyo inakupeleka kilomita 70 hivi, kutegemea mzigo na milima. Petroli ya kwenda huko mnaijua.

Stima_ni_Haki

Naongeza upande wa stima kwa sababu hapo ndipo msaada unapotea njia. Afrika Kusini iliahidiwa na nchi tajiri dola bilioni 8.5 pale kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow 2021 iachane na stima ya makaa ya mawe. Sisi stima ya makaa ya mawe ya kuachana nayo hatuna. Sehemu kubwa ya stima yetu ni mvuke wa ardhini wa Olkaria huko Naivasha, mabwawa ya Tana, na upepo wa Turkana ambao peke yake ni megawati 310. Usiku wa manane watu wakilala, matumizi yanashuka, lakini visima vya Naivasha haviwezi kulala. Mvuke mwingine huachiliwa hewani bila kuzungusha kitu. Boda zikichajiwa saa hizo zinakula kile kilichokuwa kinatupwa. Zikichajiwa saa moja jioni, kila mtu akiwa na pasi na TV, zinaongeza mzigo saa ambayo mitambo ya mafuta ndiyo huwashwa.

Ndiyo sababu EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, mwaka 2023 ilitoa bei maalum ya stima ya magari na pikipiki: shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa zile za matumizi madogo, kabla ya kodi na tozo. Lazima mita iwe ya kuchajia pekee. Huo mpango wa soketi zenu unaingia hapo kabisa. Mkichukua kumi zile za kubadilisha betri, mwenye kufaidi hiyo 8 atakuwa mwenye vibanda.

Baba_Shiro

Sawa, lakini steji iko kwa road reserve, ardhi ya barabara. Mita mtapewa kwa kiwanja cha nani? Kanju, askari wa kaunti, wakija kubomoa watabomoa na soketi.

FundiWaGrogan

Baba Shiro umewamaliza 😂 Tafuteni mtu wa posho mill. Yule tayari ana laini kubwa ya kuzungusha mashine, na usiku hasagi.

MwekaHazina_Kawangware

Asanteni sana. Ng'ambo ya barabara kuna mwenye posho mill na nimetoka kuongea naye. Anakubali tutumie uwanja wake kuanzia saa nne usiku mradi mita iwe ya chama na mlinzi tulipe sisi. Kwa mlinzi tutavutana, anataka wawili.

Wafadhili nitawaandikia mambo mawili: pikipiki tano na mita, au wakikataa, zile kumi lakini bei ya kubadilisha betri iandikwe kwa mkataba, pamoja na kitakachofanyika kibanda kikifungwa. Mwenyekiti amenuna ila amesema atatia sahihi.

Stima_ni_Haki, hiyo mita maalum inaombwa na chama, au ni lazima jina liwe la mwenye kiwanja?