Cardinals wangembakiza Pujols mwaka 2011: ofa tatu dhidi ya kilichotokea

Besi_ya_Kwanza (mwanzisha mada)

Wakuu, kila mjadala wa Albert Pujols, mpigaji wa besiboli anayelinda besi ya kwanza, kuondoka St. Louis Cardinals huishia kwenye "pesa zingeliwa bure" bila mtu kushika kalamu. Tuzipange ofa zenyewe tulinganishe.

Desemba 2011, wiki chache baada ya Cardinals kutwaa World Series, fainali ya ubingwa, mbele ya Texas Rangers (mechi ya tatu alipiga homurani 3 peke yake, yaani mapigo ya kutoa mpira nje ya uwanja), Pujols alisaini Los Angeles Angels miaka 10 kwa dola milioni 240. Ofa za Cardinals zilizoripotiwa ni hizi:

A. Miaka 5, milioni 130. Hii mkewe aliitaja redioni baada ya kuondoka, akasema iliwaudhi.
B. Miaka 9, karibu milioni 198, kabla ya msimu wa 2011.
C. Miaka 10, milioni 210, ambapo milioni 30 zingelipwa baadaye. Hii ndiyo ya mwisho.

Chaguo D ni kilichotokea: aondoke, klabu ichukue fidia ya drafti, ule mgawo wa kila mwaka wa wachezaji chipukizi.

Kwa wanaotokea kwenye soka: huyu alikuwa mchezaji huru, kwa hiyo hakuna ada ya uhamisho. Fidia wakati huo ilikuwa nafasi ya Angels kwenye raundi ya kwanza ya drafti, pamoja na nafasi ya ziada kati ya raundi ya kwanza na ya pili. Msimamo wangu: kati ya A, B na C, ni A pekee ingeishinda D. Nikosoeni.

---

Mrushaji_Mkongwe

Kabla ya ofa, tumtazame mpigaji mwenyewe. Miaka 11 ya kwanza St. Louis wastani wake wa kupiga ulikuwa .328, wa kufika besi .420. Miaka yake Angels: .256 na .311. Anguko hilo halikuanzia California. Mwaka 2009 alipewa besi za bure (mrushaji anapokosea mara nne) 115, mwaka 2010 akapata 103, mwaka 2011 zikabaki 61. Mwaka huohuo wa 2011 aliongoza Ligi ya Taifa (ya Cardinals; Angels wako Ligi ya Amerika) kwa kupiga mipira ya chini inayotoa wachezaji wawili kwa mpigo, mara 29. Mpigaji anayefukuza mipira mibaya na kuisukuma chini, huku miguu imechoka, hapo kuna dalili ya uzee, na ilionekana kabla hajasaini popote.

Kwa hiyo hoja ya "angebaki nyumbani asingeshuka" siipokei. Labda Aprili 2012 isingekuwa mbaya vile (homurani yake ya kwanza Angels ilikuja Mei 6), maana ligi mpya ina warushaji wapya. Ila hiyo ni ya mwezi mmoja tu.

---

KaliYaMahesabu

Angalieni Angels walivyoupanga mshahara. Kuanzia 2012 hadi 2016, kwa milioni: 12, 16, 23, 24, 25. Jumla 100. Kuanzia 2017 hadi 2021: 26, 27, 28, 29, 30. Jumla 140. Nusu ya kwanza iliyokuwa na mpira ndani yake ililipwa kidogo, nusu ya pili isiyo na kitu ikalipwa zaidi. Homurani za nusu ya kwanza: 30, 17, 28, 40, 31, yaani 146. Jumla yake yote Angels ni 222, na Mei 2021 waliachana naye kabla mkataba haujaisha.

Ofa A ingenunua zile 146 kwa milioni 130, yaani milioni 26 kila mwaka. Ghali kuliko Angels walivyolipa ndani ya miaka hiyo, lakini mwaka 2017 mikono yako iko huru. Ofa C ni milioni 21 kwa mwaka, nyepesi machoni, ila ndiyo inayokufunga hadi 2021.

Na bajeti ya mishahara ya Cardinals 2012 ilikuwa karibu milioni 110. Mchezaji mmoja wa milioni 26 hapo anakula karibu robo yake. Ndani ya bajeti hiyo walimwongezea mdakaji Yadier Molina miaka 5 kwa milioni 75 Machi 2012, na mrushaji Adam Wainwright miaka 5 kwa milioni 97.5 mwaka uliofuata. Anayeipenda ofa A aseme kati ya hao wawili angemwacha nani.

---

Besi_ya_Kwanza

@KaliYaMahesabu hapo umenibana. Ningesema hakuna wa kuachwa, pengo lingetokea uwanja wa nje. Carlos Beltrán asingesajiliwa.

---

Dagauti_Kusini

Naunga mkono. Wengi wanadhani Allen Craig ndiye aliyeandaliwa kumrithi Pujols. Hapana. Mpango wa 2012 ulikuwa Lance Berkman ahamie besi ya kwanza. Alikuwa ameshaongezewa mwaka mmoja wa milioni 12 tangu Septemba 2011. Beltrán akaja kwa miaka 2, milioni 26, ashike uwanja wa nje upande wa kulia. Berkman akaumia, akacheza mechi 32 tu, ndipo Craig akaingia: wastani .307 na homurani 22.

Sasa mweke Pujols besi ya kwanza. Berkman anabaki kulia, Beltrán hahitajiki. Berkman anaumia vilevile, Craig anahamia kulia. Umepata homurani 30 za Pujols, umepoteza 32 za Beltrán. Kwa mwaka 2012 ni kama umebadilisha noti ya elfu kumi kwa noti mbili za elfu tano. Walimaliza ushindi 88 na kwenda mtoano kwa nafasi ya mwisho, wakaongoza San Francisco Giants 3-1 kisha wakapoteza 4-3. Sioni Pujols wa 2012 akiibadilisha sana picha hiyo.

---

Mdakaji88

Mwaka wa kupima ni 2013, na hapa ndipo A, B na C zote zinaanguka pamoja.

Moja, mguu. Pujols alikuwa na maumivu ya wayo wa kushoto msimu mzima, Julai utando ukachanika, akaishia mechi 99. Hadi hapo Angels walikuwa wanamtumia zaidi kama mpigaji wa kuteuliwa, yule anayepiga bila kulinda. Ligi ya Taifa haikuwa na nafasi hiyo hadi 2020, na ya kudumu ilianza 2022. Cardinals wangeipata kwenye mechi kama 10 tu, zile za ugenini kwa timu za Ligi ya Amerika. Kwa hiyo ama alinde besi kila siku akichechemea, ama akae benchi kwa mshahara kamili. Mguu ungechanika mapema zaidi.

Mbili, mrushaji Michael Wacha. Nafasi ya 19 waliyopewa na Angels ndiyo iliyomleta Juni 2012, na chini ya mwaka mmoja baadaye yuko ligi kuu. Mtoano wa 2013, Pittsburgh wanaongoza 2-1, akawanyima hata pigo moja salama hadi iningi ya 8, Cardinals wakashinda 2-1. Kisha, kwenye fainali ya ligi, akamshinda mrushaji Clayton Kershaw wa Dodgers mara mbili, mechi ya 2 na ya 6, bila kuruhusu hata mkimbio mmoja, akawa mchezaji bora wa fainali hiyo. Ukimbakiza Pujols kwa ofa yoyote, huyo humpati.

---

Mrushaji_Mkongwe

Na nafasi ya pili ya fidia, ya 36, ni Stephen Piscotty, homurani 22 mwaka 2016.

Mnyororo haukatiki hapo. Beltrán alipokwenda Yankees baada ya 2013, fidia yake ilikuwa nafasi ya 34 ya drafti ya 2014: mrushaji Jack Flaherty, ambaye nusu ya pili ya 2019 alikuwa na wastani wa kufungwa (mikimbio kwa iningi 9) wa 0.91. Craig naye alitumika Julai 2014, pamoja na Joe Kelly, kumchukua mrushaji John Lackey kutoka Boston. Mkataba wa Lackey ulikuwa na kipengele kwamba akikosa msimu kwa kiwiko, klabu inamwongeza 2015 kwa mshahara wa chini kabisa wa ligi. Akarusha iningi 218 kwa wastani wa 2.77, kwa takriban dola laki tano.

---

Nyumbani_Busch

Mnahesabu vizuri, ila mmesahau upande wa pili. Homurani ya 500, ya 600, pigo la 3,000, vyote vingetokea kwa jezi nyekundu. Hilo lina thamani yake.

---

KaliYaMahesabu

Lina thamani, lakini tiketi hazikulingoja. Tangu 2012 hadi 2019 watazamaji wa Busch Stadium, uwanja wa Cardinals, hawakushuka chini ya milioni 3 kwa msimu hata mara moja. Kiti kilichokwisha kuuzwa hukiuzi mara ya pili.

---

Dagauti_Kusini

Kipengele kimoja hakijaguswa: haki ya "10 na 5". Mchezaji mwenye miaka 10 ligi kuu, 5 ya mwisho akiwa klabu moja, anaweza kukataa kuuzwa. Pujols alikuwa nayo St. Louis tayari, kuhamia Angels kuliianzisha upya. Maana yake, kwa ofa B au C, mwaka 2017 huwezi kumtoa bila ridhaa yake, hata ukikubali kulipa nusu ya mshahara. Desemba 2018 Cardinals walimchukua Paul Goldschmidt wa besi ya kwanza, aliyekuja kuwa mchezaji bora wa ligi 2022. Chini ya ofa C, siku hiyo besi ya kwanza ina mwenyewe wa miaka 38 mwenye mkataba hadi 2021.

---

Besi_ya_Kwanza

Nimeelewa. Narekebisha: A ni bora kuliko B na C, lakini bila Wacha haiishindi D. Na Pujols asingeisaini hata hivyo, kwa mtu aliyekuwa na milioni 240 mezani.

---

Nyumbani_Busch

Sawa, ila hili moja mniachie. Aliondoka na homurani 445 za Cardinals. Rekodi ya klabu ni 475 za Stan Musial. Mwaka 2012 alipiga 30 kule Angels, ambazo zingemfikisha 475 kamili. Aliporudi 2022 kwa milioni 2.5 alipiga 24, akaishia 469. Sita tu.