Bunduki ya upepo ya kwanza kwa binti wa miaka 11: nianzie wapi?

Baba Binti

Habari zenu wakuu. Binti yangu ana miaka 11. Tangu aone mashindano ya shabaha ya mita 10 kwenye televisheni, nyumbani hakukaliki: anataka bunduki ya upepo. Mimi mwenyewe sijawahi kushika bunduki ya aina yoyote, kwa hiyo baba na mwana tuko darasa moja.

Mambo ya sheria nimeshayafuatilia. Bunduki itakuwa kwa jina langu na haitaguswa nisipokuwepo. Kinachonichanganya ni maboksi. Moja limeandikwa mita 380 kwa sekunde, la pili 305, la tatu 175. Nikadhani la 380 ndilo bora. Muuzaji naye akasema, "Chukua kubwa, atakua nayo, usije ukanunua mara mbili." Halafu kuna za springi, za gesi, za kupampu, kuna milimita 4.5 na kuna 5.5. Binti ni mwembamba na si mrefu. Naombeni mnieleze kama mnamweleza mtu asiyejua kitu, maana ndivyo nilivyo.

Mzee Shabaha

Karibu, Baba Binti. Huyo muuzaji wa "atakua nayo" namfahamu. Kama si yeye ni pacha wake, maana maneno hayo hayo niliuziwa mimi zamani, na nikayanunua pamoja na bunduki.

Kijana wangu wa kwanza alikuwa na miaka 12. Nikamletea ya kukunja mtutu, nzito karibu kilo 4, ile ambayo boksi lake lina picha ya nguruwe pori. Siku ya kwanza alishindwa kuikoki, yaani kuukunja mtutu mpaka springi ibanwe tayari kwa kufyatua. Akaegemeza kitako cha bunduki kwenye tumbo, akavuta mtutu kwa mikono miwili, miguu ikateleza. Basi nikawa namkokia mimi, yeye anafyatua. Baada ya risasi nne au tano mikono inatetemeka. Na kwa kuwa bunduki ilikuwa inamrukia begani, akaanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Mimi, badala ya kuona kosa langu, nikawa namgombeza yeye: "Usifumbe macho!" Wiki ya tatu akaniambia ana kazi nyingi za shule. Bunduki ikapanda juu ya kabati. Leo ni mtu mzima ana watoto wake, na ukimtajia shabaha anabadili mazungumzo.

Mdogo wake wa kike nilimpa bunduki ndogo. Huyo ilibidi nimnyang'anye ili akalale.

Kwa hiyo weka maboksi pembeni kwanza, chukua futi ya fundi cherehani. Mwambie binti akunje mkono wa kufyatulia, kidole cha shahada kikiwa kama kinagusa kifyatuo. Pima kuanzia ndani ya kiwiko mpaka kwenye pingili ya kwanza ya kidole hicho. Huo, kwa kukadiria, ndio umbali unaotakiwa kati ya mwisho wa kitako na kifyatuo. Bunduki nyingi za watu wazima ni sentimita 35 au 36. Mtoto mwembamba wa miaka 11 mara nyingi hafiki hapo. Ukimpa ndefu, atajipinda mgongo kwa nyuma kama anayebeba mtungi tumboni, shavu halitafika mahali pake, na hakuna mwalimu atakayemnyoosha. Kitako cha mbao kinakatwa, na kile kipande unakihifadhi ili ukirudishe kidogo kidogo anapokua. "Kukua nayo" kwa kweli ndiko huko.

Cha pili ni uzito. Kilo 2.5 au chini ya hapo. Akiwa amesimama aweze kuinyanyua, ahesabu mpaka ishirini bila mdomo wa mtutu kuanza kucheza ngoma.

Cha tatu ni koki, na hapa ndipo ninapong'ang'ania. Akoke mwenyewe. Usimkokie. Bunduki ndogo ya springi inataka nguvu ya kama kilo 8 kuikunja, zile za kujionyesha zinafika 16 na kupita. Mtoto anayekoka mwenyewe anakwenda kwa mwendo wake: anakoka, anaweka risasi, anapumua, analenga. Akichoka atasema, na siku hiyo inaishia hapo. Ukimkokia wewe, wewe ndiye unayeendesha, naye anafyatua tu ili akuridhishe.

Sasa zile namba. Yale mashindano aliyoyaona kwenye televisheni, ambayo yamo kwenye Olimpiki tangu 1984, bunduki zake hurusha risasi kwa mita 175 hivi kwa sekunde. Ndiyo, lile boksi lako la tatu, ulilodhani ni la mwisho darasani. Kwa mwendo huo wanapiga nukta ya kumi yenye upana wa nusu milimita. Karatasi haijali imetobolewa kwa kasi gani. Na 380 ile inapatikana kwa risasi nyepesi za aloi, si kwa zile za kawaida za madini ya risasi utakazomnunulia. Isitoshe, mwendo wa sauti ni kama mita 340 kwa sekunde, na risasi hizi zenye kiuno chembamba zikiukaribia au kuupita huo zinayumba. Kwa hiyo unalipia kelele.

Kipenyo cha risasi ni milimita 4.5, usifikirie mara mbili. Ndicho cha mashindano. Tafuta risasi zenye kichwa bapa: hukata tundu la duara safi kwenye karatasi, mtoto analiona mwenyewe bila kukuuliza.

Aina ya mtambo: springi ya kukunja mtutu, risasi moja moja. Za gesi zinazotumia kichupa cha gramu 12 ni rahisi kufyatua, lakini zinafyonza vichupa, hulegea kukiwa na baridi, na nyingi hufyatua mfululizo. Mtoto akijua kuna nyingine nyuma yake, hailengi ya kwanza. Za kupampu mara nyingi zinamchosha kabla hajalenga. Zile zenye silinda ya hewa iliyobanwa sana, bar 200 (bar ni kipimo cha mbano), hazirudi nyuma kabisa na ni tamu sana, ila zinataka pampu maalumu au mtungi, na wewe ndio kwanza unaanza. Ukipata klabu iliyo nazo, mpeleke akajaribu hata kabla ya kununua chochote.

Kama unataka majina, mimi binti nilimpa Weihrauch HW30, bado ipo na kifyatuo chake hakina mpinzani kwa ukubwa ule. Diana 240 nayo ni nyepesi. Zipo nyingine, sijazishika zote.

Kijana wa Gololi

Mzee heshima yako, ila mbona unamfikisha mbali? Sisi tulianza na zile za gololi za chuma. Nyepesi, koki laini, risasi bei ya bure. Red Ryder ya Daisy ipo tangu 1940 na wamejifunzia watoto wasiohesabika. Ananunua hiyo, mwaka mmoja, halafu anapanda.

Mzee Shabaha

Kijana, kwa uwepesi umesema kweli, na sikatai wapo wanaofundisha vizuri kwa gololi kwa umbali wa mita 5. Lakini Baba Binti amesema hajawahi kushika bunduki. Risasi ya kawaida ni laini, ikigonga kitu kigumu inabonyea na kuanguka pale pale au karibu. Gololi ya chuma haibonyei. Inarudi. Mimi iliwahi kunirudia kutoka kwenye ubao mgumu, ikagonga kioo cha miwani yangu ya kusomea, bahati tu kuwa niliisahau usoni. Pia mtutu wa gololi ni laini ndani, hauna mikunjo ya kuizungusha risasi, kwa hiyo mtoto anayelenga sawasawa anakosa bila kosa lake. Atajuaje kuwa amelenga vizuri? Na usije ukatia gololi kwenye mtutu wenye mikunjo, utaukwangua.

Mama Pacha

Wanaume mmeongea bunduki tupu, ngoja niseme ya pembeni. Miwani ya kukinga macho, ya kweli, si ya jua. Ya binti na yako wewe unayesimama naye. Hata bunduki dhaifu kuliko zote zilizotajwa hapa inaharibu jicho. Kwangu hakuna miwani, hakuna risasi, na hilo linamhusu hata mgeni.

Risasi zile ni madini ya risasi kwelikweli, ni sumu. Wanangu walikuwa na tabia ya kuziweka mdomoni mikono ikiwa na kazi. Nilipiga marufuku siku ile ile. Kopo linakaa mezani, wakimaliza wananawa kwa sabuni kabla ya kugusa kitu cha kula.

Nyuma ya shabaha sisi tuliweka boksi la mbao lililojazwa magazeti yaliyobanwa sana, na nyuma yake ukuta, na pembeni hakuna mlango. Angalia mlango! Kwetu paka aliwahi kutokea humo. Hakupata kitu, ila mimi ndiye nilikaa chini. Bunduki inafungiwa kabati moja, risasi kabati jingine, funguo zote ninazo mimi.

Fundi Springi

Nayaandika haya kwa sababu yananiletea kazi, na kazi nyingine sizitaki.

Bunduki ya springi usiifyatue tupu. Hewa inayobanwa nyuma ya risasi ndiyo godoro la pistoni. Hakuna risasi, hakuna godoro, pistoni inagonga chuma kwa chuma. Watoto wanapenda kukoka na kufyatua tupu ili wasikie mlio. Ukiona hivyo mzuie.

Usimimine mafuta kwenye tundu la hewa. Yanaungua kwa joto la mbano, bunduki inalipuka kama petasi na springi inakatika.

Wakati wa kuweka risasi, mkono mmoja unaushika mtutu uliokunjwa, hauachiwi mpaka ufungwe. Mtutu ukiruka kujifunga wenyewe vidole vikiwa pale, sitaki kueleza. Na asiguse kifyatuo mtutu ukiwa wazi.

Darubini aache kwanza. Springi inairusha bunduki nyuma halafu ghafla mbele, na darubini isiyotengenezwa kwa ajili hiyo inakufa ndani ya wiki. Ajifunze na vilengeo vya chuma. Kwa sababu ya mruko huo huo, asiibane bunduki wala asiilaze juu ya meza ngumu. Mkono wa mbele uwe wazi kama anayepokea yai, bunduki ilale juu yake iruke itakavyo. Wakibana, risasi zinatawanyika, wananiletea mimi wakisema mtutu umepinda.

Baba Binti

Asanteni sana, sikutegemea mengi hivi. Nimepima: binti ni sentimita 29 na nusu, mimi 36. Nikaenda na futi dukani, muuzaji akacheka, akaacha kucheka nilipoomba anipe iliyo fupi kuliko zote. Nimepata ya springi, 4.5, kilo 2.4, kitako cha mbao, mita 175. Inahitaji kukatwa sentimita 4, fundi seremala kasema rahisi. Binti alikoka mwenyewe pale dukani, kwa kukaza meno, lakini alikoka.

Swali moja jipya. Anaandika kwa mkono wa kulia, ila kila akilenga anapeleka kichwa upande wa kushoto ili atumie jicho la kushoto. Nimkataze?

Mzee Shabaha

Usimkataze hata kidogo, umenikumbusha jambo nililolisahau. Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele, aunde tundu dogo kwa viganja, aangalie kitu cha mbali kupitia tundu hilo, macho yote wazi. Halafu afumbe jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona kile kitu ndilo lenye nguvu. Kama ni la kushoto, afyatulie bega la kushoto tangu siku ya kwanza. Mkono unafundishika kwa mwezi mmoja, jicho ni vigumu. Sasa kabla hujampelekea seremala, angalia kitako: kama kina uvimbe wa shavu upande mmoja tu, karudishe, tafuta kilicho sawa pande zote.

Na umbali, anza mita 5 na karatasi kubwa. Akianza kuweka tundu tano ndani ya kifuniko cha chupa, ndipo umsogeze nyuma.

Baba Binti

Ni la kushoto, tumejaribu mara tatu. Kitako nimekitazama, kiko sawa pande zote, bahati yetu. Kipo kwa seremala mpaka Ijumaa. Yeye kwa sasa anafanya mazoezi ya bega la kushoto kwa mpini wa fagio, na jana jioni nimemsikia anamfokea mdogo wake kwa kupita mbele ya fagio.

Mama Pacha

Huyo yuko tayari. Mnunulie miwani leo.