Mjadala: Bodaboda akivunjika, kwa nini mwenye pikipiki habebi chochote?

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili kwa uzito, maana kila ajali ya bodaboda ikitokea maneno yetu ni yale yale. Vijana hawana adabu barabarani. Hawana leseni. Wanapita njia ya mwendokasi. Wanabeba mishkaki, abiria wawili watatu kwa pikipiki moja. Polisi wanafanya operesheni, pikipiki zinajaa kituoni, faini zinalipwa, baada ya wiki tumerudi pale pale.

Mimi nina duka la vipuri kando ya barabara kubwa hapa Dar, upande ambao malori ya bandarini hayaishi kupita. Ajali nimeona nyingi mno. Hoja yangu ni kwamba mtu mwenye nguvu kubwa juu ya mwendo wa bodaboda hayupo barabarani kabisa. Yuko nyumbani au kazini kwake, anasubiri hesabu jioni, yaani fedha anayopelekewa na dereva kila siku. Ni mwenye pikipiki, yule vijana wanayemwita tajiri. Nataka sheria imbebeshe sehemu ya mzigo wa ajali.

Tuanze na hesabu yenyewe. Kijana hana mtaji, anapewa pikipiki ya mkataba. Hapa kijiweni wengi wanapeleka shilingi 10,000 kwa siku, wengine zaidi kidogo, kwa mwaka na miezi kadhaa, ndipo pikipiki iwe yake. Sasa kaa naye mpige hesabu. Safari za mtaani ni za buku, buku jero, yaani shilingi elfu moja au elfu moja na mia tano. Petroli lazima, lita mbili au tatu. Lazima ale. Lazima aweke akiba ya oili, maana ukichelewesha oili injini inakufa na gharama ni yake. Mpaka amalize hayo, safari zaidi ya kumi zimekwenda na nyumbani hajapeleka hata shilingi. Mvua ikinyesha hadi saa nane mchana, hesabu haipungui. Akiumwa malaria, hesabu inalala deni. Madeni yakifuatana siku chache, pikipiki inachukuliwa, na nimeshuhudia vijana wakinyang'anywa wakiwa wamebakiza miezi michache tu kumaliza mkataba, bila kurudishiwa chochote. Kijana huyo saa mbili usiku, bado ana pungufu ya elfu nne, mnamtaka asimame kwenye taa nyekundu Buguruni akiwa ametulia?

Simtetei anayevunja sheria. Nasema haraka ile ina mwenyewe.

Ajali niliyoiona kwa karibu kuliko zote ilitokea mbele ya duka. Lori lilikuwa linakata kona kushoto, kijana akajipenyeza kati ya lori na ukingo wa barabara ili awahi. Upande ule dereva wa lori haoni kitu. Kichwa kikishageuka, tela linafuata kwa ndani na linafagia kila kilichopo. Tairi lilimpanda mguu. Kofia ngumu alikuwa nayo, ila aliivalisha kioo cha pembeni, na kamba yake ilikuwa imefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi kwa sababu kifungio kilishakatika. Watu wakamkimbilia, huyu kashika mikono, yule miguu, wakamtupia kwenye bajaji. Wenzake wa kijiweni wakamzingira dereva wa lori wakitaka kumpiga. Tajiri alifika baadaye. Aliuliza kama pikipiki bado inawaka.

Sikumchukia yule bwana. Aliuliza anachodaiwa kukijua. Hakuna sheria yoyote inayomfanya aulize kuhusu mguu.

Angalieni bima. Bima ndogo, ambayo kila chombo lazima iwe nayo, inamlinda mtu wa tatu: mpita njia uliyemgonga, mwenye gari uliyemharibia. Dereva mwenyewe haimgusi. Kwa hiyo kijana akivunjika ugoko, na ugoko ndio mfupa unaovunjika sana kwenye ajali za pikipiki kwa kuwa hauna nyama ya kuufunika, familia inaanza kuchangishana. Kuna PF3, fomu ya matibabu ya majeruhi, ya kufuata polisi, kuna usafiri wa kumpeleka MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, kuna vyuma, kuna damu ya kutafuta. Mfupa uliotokeza nje na kuingia mchanga unaweza kuoza na kumrudisha hospitali kwa miezi. Shamba linauzwa. Pikipiki, wakati huo, imeshapita kwa fundi, imebadilishwa usukani na taa, na iko barabarani na kijana mwingine.

Kuhusu faini, wengi mnakumbuka bajeti ya 2021/22 ilishusha faini za bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Nilifurahi, maana ile elfu thelathini ilikuwa inaua mtu akiwa hai. Lakini hata hii elfu kumi inamwangukia dereva peke yake. Ni hesabu nzima ya siku, na ataitafuta wapi kama si kwa kukimbia zaidi? Pikipiki ikikamatwa haina kofia mbili nzima, haina bima, taa ya nyuma imekufa, faini imfuate mwenye jina kwenye kadi ya usajili. Tangu sheria iliporekebishwa 2009 na kanuni kutungwa 2010 kuruhusu pikipiki kubeba abiria kwa malipo, hii ni biashara inayotambuliwa na sheria. Biashara ina mwenyewe.

Na kofia jamani si mapambo. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi nyingi unaonyesha kofia ngumu inapunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ila iwe kichwani na imefungwa. Kigali, Rwanda, ukipanda bodaboda ya kule, wenyewe wanaiita moto, unapewa kofia kabla hujakaa, na abiria ni mmoja. Watu wale si malaika, wamezoeshwa, na sisi tunaweza kuzoeshwa.

Karibuni. Wamiliki hasa, nawaomba mseme.

Mmiliki, Mbeya:
Kijana wangu, umeandika kwa uchungu na nimekusoma mpaka mwisho. Mimi ni mwalimu mstaafu. Kiinua mgongo changu nilinunua pikipiki mbili. Moja iliondoka na dereva kuelekea Tunduma, mpaka leo sijaiona. Ya pili imerudi imebadilishwa kabureta, imewekwa mbovu. Sasa unanipangia kosa la mtu aliyepita kwenye taa nyekundu mimi nikiwa shambani? Huyo si mwajiriwa wangu, tuna mkataba wa kuuziana kidogo kidogo. Benki inayokukopesha gari haishtakiwi ukiligonga. Mkituongezea mzigo tutaziuza, na hao vijana mtawaajiri nyinyi? Elfu kumi unayoisema ndiyo dawa yangu ya presha na ada ya mjukuu.

Dereva, Mwanza:
Mzee wetu heshima kwako, lakini benki haikupigii simu saa kumi na mbili jioni kuuliza umefikisha ngapi. Tajiri wangu wa kwanza alikuwa muungwana, Jumapili ilikuwa yangu, na mvua kubwa alikuwa anasamehe nusu. Nilimaliza mkataba bila kuanguka. Huyu wa sasa siku saba zote ni zake. Nalala saa tano, naamka saa kumi na moja, kuna siku nimesinzia nikiwa nimepakia mama na mtoto. Hilo limenitisha na bado asubuhi yake nilitoka.

Na abiria nao wasemwe. Anakwambia wahi, nimechelewa. Kofia hataki, anasema itamharibia nywele au itampa fangasi. Ukimlazimisha anashuka anapanda ya jirani. Nikikosa yeye nimekosa buku mbili, na hiyo si yangu, ni ya hesabu.

Muuguzi, Morogoro:
Mimi nitasema moja tu kwa mnaokimbilia majeruhi. Msimbebe kwa kumning'iniza mikono na miguu. Kama shingo au mgongo umepata ufa, safari ile ya bajaji ndiyo inayompoozesha. Kama hayuko kwenye hatari ya kugongwa tena, mwacheni alale, mmoja ashike kichwa kisicheze, damu izuiwe kwa kitambaa safi na kubana kwa nguvu. Kofia msiivute, hasa akiwa anapumua vizuri. Wengine wapange foleni ya magari isimpite juu. Tunapokea watu waliovunjika mguu barabarani na kuharibika mgongo mikononi mwa wasamaria.

Mwanzisha mada:
Muuguzi, ahsante sana, hili nitalisema kijiweni leo leo.

Shikamoo mzee wangu wa Mbeya. Kuhusu waliokuibia una haki yote, na anayekimbia na pikipiki ya mstaafu ni mwizi. Lakini mfano wa benki haukai. Mkopo wa benki, gari nalitumia kama langu na mwendo naupanga mimi. Kwenye mkataba wa bodaboda, kadi inabaki na jina lako mpaka shilingi ya mwisho, na siku ya kuchukua pikipiki unaichukua kama mali yako. Kama ni mali yako wakati wa kuichukua, iwe mali yako pia wakati wa kulaza mtu hospitali.

Sisemi ubebe yote. Nataka mambo ambayo hata mstaafu anayaweza. Mkataba uandikwe na nakala ibaki serikali ya mtaa. Siku moja kwa wiki isiwe na hesabu. Bima ya ajali ya dereva ikatwe kila mwaka pamoja na bima ndogo, mkichangia nusu kwa nusu. Na dereva akilazwa kwa ajali, mkataba usimame pale ulipo. Usivunjwe, na alicholipa kisipotee. Kama pikipiki itapewa mtu mwingine kwa muda, sawa, ila nafasi yake ibaki. Yule dereva wa Mwanza ametuonyesha kwamba tajiri wa namna hiyo alikuwepo na hakufilisika.

Basi mzee wangu, na wamiliki wengine wote mnaosoma, nawaomba mchukue mikataba yenu, mtafute kipengele cha ajali, muandike hapa kinasemaje. Kama hakipo, tuambieni pia, ili tujue tunaanzia wapi.